Kuhusu jina la Halima

Iringa

Mwanangu,

Salamu zenu tumezipata, na hongera tena wewe na mkwe. Umeuliza kama ni kweli Halima maana yake "ndoto", kama jirani yenu wa hapo Mbeya anavyosema, na kama mtoto aandikwe Halima, Haleema au Khalima.

Si ndoto. Jirani hakubuni, amechanganya tu. Kwa Kiarabu maneno mawili yanatumia herufi zilezile tatu: ha, lam, mim. Hulm ni ndoto, hilm ni ustahimilivu, na jina limetoka kwenye hilm. Sikilizeni mvuto wake: Haliima, sauti inavutwa kwenye "li". Mkivuta mwanzo, Haalima, huyo ni mwenye kuota.

Wengi hutafsiri "mpole", nami naona haitoshi. Mwenye hilm ana uwezo wa kulipiza, hasira imempanda, lakini anajizuia. Anayenyamaza kwa woga haitwi hivyo. Nabii Ibrahim amesifiwa kwa sifa hiyo katika Sura Hud, aya ya 75, na Al-Halim ni katika majina ya Mwenyezi Mungu, ndiyo maana kuna akina Abdulhalim. Kwa wanawake, jina linakumbusha Bibi Halima wa kabila la Banu Saad, aliyemnyonyesha Mtume.

Andikeni Halima. Haleema ni sauti ileile kwa tahajia ya Kiingereza. Khalima ni herufi nyingine, yenye nukta juu, na maana inapotea. Mkiangusha "h" ikawa Alima, ajuaye Kiarabu atasikia jina la ujuzi. Tangazo la kizazi lisomeni herufi kwa herufi kabla hamjaondoka kituo cha afya: cheti cha kuzaliwa hulifuata, shule hufuata cheti, kitambulisho cha taifa nacho hivyohivyo. Herufi moja ikipishana, atakuja kuhangaikia hati ya kiapo ukubwani.

Shuleni watamtania, "Ha! Lima!", hasa msimu wa mahindi. Atazoea.

Akika, yaani kumchinjia mtoto aliyezaliwa, ni siku ya saba, mbuzi mmoja kwa binti, asiwe kiwete wala mgonjwa. Kwa hesabu yetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, siku ya kuzaliwa imo, kwa hiyo aliyezaliwa Jumatatu mchana huchinjiwa Jumapili. Mbuzi mtafuteni mapema.

Mama yako