Uliza Fundi: Skwea mpya, kabati upogo

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi najifunza useremala mwenyewe, nina kama miezi sita hivi. Juzi nimemaliza kakabati ka kutundika ukutani, mlango mmoja wenye urefu wa sentimita 60. Nikiufunga, juu unabana na chini unaacha uwazi wa milimita 4. Kila kitu nilipima kwa skwea, kile kifaa cha umbo la L cha kukagulia kona, ya sentimita 15, mpya, haina hata wiki mbili. Sasa ni skwea au ni mikono yangu? Na kama ni skwea, ninunue ipi ambayo haitanidanganya?
Mwanafunzi wa Randa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe kwenye hiyo "mpya". Skwea mpya ni ile ambayo haijaanguka ikiwa mikononi mwako, basi, hayo mengine huyajui, imeanguka mara ngapi kabla haijakufikia, ilirundikiwa nini juu yake, na aliyeipiga riveti siku hiyo alikuwa anawaza nini. Mi nishawahi kuitoa skwea kwenye nailoni yake nikaikuta imeenda upogo kuliko ile kuukuu niliyokuwa naikimbia.

Ila usiihukumu kabla hujapima kabati lenyewe. Chukua futi upime kona kwa kona, juu kushoto mpaka chini kulia, alafu juu kulia mpaka chini kushoto. Kama pande zinazotazamana zina urefu sawa na hivyo vipimo viwili vimelingana, kabati liko mraba, hamia kwenye mlango ufanye vilevile. Palipo na tofauti ndo penye ugonjwa. Na ukikuta vyote viko sawa basi tatizo ni bawaba umezifunga vibaya, skwea haina kosa, iombe radhi.

Tuseme ni kona. Milimita 4 kwenye sentimita 60 ni milimita 1 kwenye kila sentimita 15, yaani urefu mzima wa ubapa wa skwea yako, ule mkono wake mwembamba. Hilo si kosa la kujificha, unalikamata kwa penseli tu. Tafuta kipande cha plaiwudi au MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) chenye ukingo ulionyooka, egemeza mpini wa skwea, ule mkono mnene, kwenye huo ukingo, ubapa ulale juu ya ubao, piga mstari mwembamba. Sasa igeuze kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu, mpini urudi kwenye ukingo uleule lakini sasa umekaa upande wa pili wa mstari, isogeze mpaka ubapa uguse mwanzo wa mstari pale karibu na ukingo, piga mwingine. Mistari ikilaliana mpaka mwisho, skwea nzima. Ikianza pamoja alafu ikaachana kama miguu ya bikari, skwea ni mwongo, na huo uwazi wa mwishoni ni kosa mara mbili, kwa hiyo ukiona milimita 2 jua skwea yenyewe imepotea milimita 1. Ninachokipendea kipimo hiki ni kwamba huhitaji kuazima skwea ya mtu iliyo sahihi, hii yako inajishtaki yenyewe.

Mtego uko kwenye ule ukingo. Ukiwa na tumbo, au umebonyea katikati, utaifukuza skwea isiyo na hatia. Kwa hiyo kabla ya yote laza huo ukingo juu ya ubao mwingine, piga mstari kuufuata, alafu upindue uje upande wa pili wa mstari upige tena palepale. Mistari miwili ikiacha uwazi wa umbo la jani katikati, ukingo haujanyooka, pita randa au tafuta kipande kingine. Na penseli ichongwe kweli, maana ya butu inapiga mstari mnene kuliko kosa unalolitafuta, utakaa hapo mchana kutwa unabishana na risasi ya penseli.

Sasa ya kununua. Kipande chako hicho ulichokihakikisha, beba na penseli uende nacho, uombe kuzipima kabla ya kulipa. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie. Zipo kumi pale za aina moja, kampuni moja, bei moja, na mbili kati yake zinaweza kuwa zimepotea, kwa hiyo jina lililochapwa kwenye ubapa mi silitegemei peke yake.

Kwa anayeanza ningesema chukua kwanza skwea ya kudumu, isiyo na kitu cha kulegeza, ya sentimita 15, mpini na ubapa vyote chuma, zile wanazotumia mafundi chuma. Baadhi zimeandikwa DIN 875 na namba ya daraja. Hicho ni kiwango cha Ujerumani, na daraja la 2, ambalo ndo la chini kabisa, kwa ubapa wa sentimita 15 linaruhusu kosa la milimita 0.035. Karatasi ya kuprintia ina unene wa kama milimita 0.1, so tunaongelea theluthi moja ya karatasi, na kwa kazi ya mbao hiyo ni zaidi ya unachohitaji. Zile zenye mpini wa mti na kibati cha shaba ni nzuri kushika, mi ninayo moja naipenda, lakini mti unavimba na kusinyaa na hali ya hewa kwa hiyo naipima mara kwa mara. Kitu kingine watu wanasahau, skwea ina kona mbili, ya ndani na ya nje. Ya nje kuwa sawa hakumaanishi ya ndani iko sawa, na wewe ukikagua kona ya ubao uliopigwa randa unatumia ya ndani. Ukishahakikisha ya nje, kata kipande cha MDF ukikague kwa hiyo ya nje mpaka kona yake ikae sawa, kisha kiingize kwenye kona ya ndani ukiinua juu kwenye mwanga. Mwanga ukipenya upande mmoja tu, umepata jibu.

Hiyo ikiwa nzima, iwe ndo hakimu wa nyingine zote karakana nzima. Usiifanyie kazi za kukwangua gundi.

SWALI: Fundi habari. Nina ile skwea ya kombinesheni, ya rula inayoteleza. Ilikuwa sawa kabisa mwaka jana, siku hizi nikipima mara iko skwea mara haiko, hata sielewi. Niitupe?
Dada wa Droo

JIBU: Nzuri dada. Usitupe. Hiyo "mara iko mara haiko" ndo imekujibu, skwea iliyopinda inakosea vilevile kila siku, inayobadilika ina uchafu au imelegea. Fungua ile nati ya chini, chomoa rula yote, uangalie ndani ya mfereji wa kichwa. Rula haikalii mfereji mzima, inakalia vikanyagio viwili vidogo, kimoja huku na kimoja huku, na punje moja ya vumbi la msumeno ikikaa juu ya kimoja inainua rula upande huo. Kanuni ndogo tu ya hesabu, vikanyagio viko karibukaribu na rula ni ndefu, kwa hiyo kauchafu unakokaona si kitu pale ndani kanakuwa kitu kule mwishoni. Safisha kwa mswaki mkavu, safisha na ule mfuo wa rula anapoingia yule mshikio mdogo, rudisha, kaza, kisha pima kwa kugeuza kama nilivyomweleza kijana hapo juu. Kaza kwanza ndo upime! Wengi wanapima nati ikiwa imelegea alafu wanalalamika.

Ukiona baada ya kusafisha inakosea lakini sasa inakosea vilevile kila mara, kikanyagio kimoja kimeliwa. Tupa ya kusugulia chuma, ndogo nyembamba, inaweza kushusha kile kilicho juu, msuguo mmoja, rudisha, pima, msuguo mmoja, rudisha, pima. Mwenye haraka asiguse. Hiki kifaa kina umri bwana, Mmarekani Laroy Starrett alikipatia hataza mwaka 1879, na za zamani bado zinafanya kazi kwa sababu zinasafishika na kusahihishika namna hiyo.

SWALI: Ile L kubwa ya chuma bapa imeniangukia kwenye sakafu ya zege, ikatua na kona. Sasa inaonyesha kosa la karibu milimita 2. Nimeambiwa inagongwa na nyundo inarudi. Ni kweli au wananicheka?
Fundi Paa

JIBU: Ni kweli, ila hugongi mikono yake. Unatumia sentapanchi, kile kichuma chenye ncha cha kugongea nukta, pale kwenye kisigino, ile kona mikono miwili inapokutana, ukiwa umeilaza juu ya chuma kigumu kilicho bapa. Ukipiga nukta karibu na kona ya ndani, chuma kinatanuka pale na kuisukuma mikono ifunguke, pembe inaongezeka. Ukipiga karibu na kona ya nje, mikono inajifunga, pembe inapungua. Nukta moja, pima, nukta nyingine, pima. Mi ya kwangu mara ya kwanza niligonga kwa hasira, nikaivusha upande wa pili, nikalazimika kurudi na kuigonga kule kwingine, sasa kisigino kina madoadoa kama ndui lakini iko sawa hadi leo.

Kwa pembe kubwa kuliko hiyo skwea, fremu ya mlango kwa mfano, achana na skwea. Pima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande mwingine, na mshazari ukisoma 100 kamili kona ni nyuzi 90.

SWALI: Skwea za plastiki je?
Mvivu wa Kuandika

JIBU: Zipo zilizo sawa. Igeuze upime, tena uirudie ikishakaa juani.

SWALI: Nikizungusha mstari pande nne za mbao, ule wa mwisho haukutani na wa kwanza, unapishana kama milimita moja. Skwea nimeipima kwa kugeuza, haina kosa. Nimechoka.
Baba Pacha

JIBU: Pole Baba Pacha. Hapo ni mbao. Skwea inaamini upande ulioiegemeza, na wewe ukiizungusha mbao unaegemeza pande nne ambazo labda mbili tu ndo zimenyooka. Chagua upande mmoja bapa na ukingo mmoja, vipige randa mpaka vinyooke na viwe skwea kimoja kwa kingine, vitie alama ya penseli. Kuanzia hapo mpini wa skwea usiguse pengine popote zaidi ya hivyo viwili. Mstari wa upande bapa na wa upande wa nyuma yake, mpini kwenye ukingo wenye alama. Mistari ya kingo mbili, mpini kwenye upande bapa wenye alama. Na kona uvuke kwa kisu, si penseli: ncha ya kisu iingie kwenye mkato uliokwisha kuuweka pale kona, isogeze skwea taratibu mpaka iguse kisu, ndo ukate mstari unaofuata. Jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza, na bado ukipishana niandikie uniambie ulipishana wapi, kona ya pili au ya tatu, maana hapo ndo tutajua upande gani haukunyooka.