Maswali na Majibu: Nyuzi za kioo zinazobeba picha

Swali: Faiba za intaneti zinazoingia nchini kutoka baharini hapa Mombasa ni za kioo, na endoskopu za zamani hospitalini, vile vyombo vya kuchungulia ndani ya mwili, nazo zina nyuzi za kioo. Nikifunga pamoja vipande vya faiba, nitapata picha?
*Msomaji, Changamwe*

Jibu: Utapata, lakini mbovu. Kila uzi hubeba nukta moja tu. Faiba ya intaneti ina unene wa mikroni 125 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kiini chake ni mikroni 9 hivi. Kilichobaki ni giza. Mtita wa upana wa milimita 2 utazimeza kama 230. Nyuzi za mikroni 10 huingia zaidi ya 36,000. Tena kila uzi ukae mahali pale pale kwenye ncha zote mbili. Zikivurugika una taa, huna picha.

Kutengeneza huanza na ufito wa kioo chenye madini ya risasi, ambacho kipimo chake cha kupinda mwanga ni kama 1.62, uliochomekwa ndani ya mrija wa kioo cha kawaida, 1.52; tofauti hiyo ndiyo huufungia mwanga ndani. Ufito huwa kiini, mrija huwa ganda. Ndivyo alivyofanya Lawrence Curtiss, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1956. Ufito ung'arishwe, uoshwe, usiguswe kwa mkono: vumbi au povu likibaki kati yake na mrija, mwanga huvuja hapo na hakuna dawa. Ganda likisinyaa kuliko kiini wakati wa kupoa, hupasuka.

Kisha huvutwa tanurini kwa awamu. Mrija wa milimita 30 ukivutwa hadi milimita 1, kila milimita 5 zinazoingia kwa dakika hutoka mita 4.5. Fito hizo hupangwa, zikavutwa tena. Kazi ngumu iko hapa: zikishikana zote hazipindi. Kwa hiyo kila ufito huvikwa ganda jingine la kioo kinacholiwa na tindikali. Ncha hukingwa, katikati huloweshwa, nyuzi zikaachana. Ganda la ndani likikaribia mikroni 1, mwanga huhamia uzi wa jirani na cheusi huwa kijivu.

Swali: Endoskopu yetu ina vitone vyeusi. Je, lenzi ni chafu?
*Fundi, Tudor*

Jibu: Zungusha pete ya kichungulio mpaka nyuzi zenyewe zionekane. Kitone kikiwa kikali sawa nazo, ni uzi uliokatika, na hauungiki. Uchafu wa lenzi huonekana kama wingu. Ukungu unaotanda ni maji: pima uvujaji kabla ya kuitumbukiza tena.