Nukta nyekundu kwenye bastola ya zamani ya shabaha: anza na bastola, sio na kilengeo

Kilichonileta huku kwenye vilengeo vya nukta nyekundu ni macho, sio fasheni. Zamani nilikuwa nikinyoosha mkono kilengeo cha mbele nakiona kimesimama wima, kingo zake safi kabisa, siku hizi nikinyoosha naona kitu cheusi chenye manyoya. Nikivaa miwani ya kusomea kilengeo kinarudi ila shabaha inapotea, nikiivua shabaha inarudi kilengeo nacho kinaenda zake. Vilengeo vya chuma vinakutaka uoanishe vitu vitatu, cha nyuma, cha mbele na shabaha, na jicho lina uwezo wa kuona vizuri umbali mmoja tu kwa wakati, ukiwa kijana linahamahama haraka hata hujui, ukishavuka arobaini na kitu ndo unaanza kujua. Nukta nyekundu, yaani nukta ya mwanga unayoiona kwenye kioo cha kilengeo, inaondoa ugomvi huo kwa sababu inaonekana kama imekaa kulekule kwenye shabaha, unaangalia kitu kimoja basi.

Sasa mi nilifanya lile kosa ambalo naona watu wengi wanalifanya, nikaanza kwa kununua kilengeo. Nimesoma wee, nimelinganisha mwanga, maisha ya betri, uzito, nikalipa, nikafika nyumbani nikakishika mkononi na bastola mkono wa pili ndo nikajiuliza, hiki kitu kinakaa wapi? Hakuna pa kukaa. Bastola za siku hizi nyingi zinatoka kiwandani na reli, kile kipande chenye mifereji cha kushikia kilengeo, au zimeshachongwa kabisa, ila hizi za zamani zilitengenezwa wakati hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atataka kuweka taa juu yake. Kwa hiyo swali la kwanza sio kilengeo gani, swali ni kitakaa wapi na hapo kitakapokaa je, panatembea?

Ngoja nieleze kuhusu kutembea maana hapa ndo penyewe. Bastola yangu ni Smith & Wesson Model 41 ya .22, yaani ya risasi ile ndogo, muundo ulioingia sokoni 1957, niliichukua kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha mchezo. Uzuri wake ni kwamba mtutu umetulia, slaidi, kile chuma kinachotembea kutoa ganda na kuingiza risasi mpya, ndo inaenda nyuma na kurudi, na kilengeo cha nyuma hakijakaa kwenye slaidi, kimekaa kwenye mkono wa chuma unaotoka kwenye mtutu na kupita juu ya slaidi. Maana yake chochote utakachofunga juu ya mtutu hakipigwi piga na slaidi na hakiongezi uzito kwenye kitu kinachotembea. Ruger Mark II nayo iko vizuri kwa upande huo, kinachotembea ni boliti ndani ya bomba lake, juu pametulia. Ila ukichukua 1911 ya kawaida, ile bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, vilengeo vyote viwili viko juu ya slaidi, hapo habari inabadilika.

Nina 1911 ya .45 pia ndo maana nasema. Nilifunga kilengeo kizito cha bomba juu ya slaidi, bastola ikawa kama imelewa, slaidi inarudi nyuma kwa uvivu, ganda halitoki vizuri, linakwama limesimama mlangoni kama bomba la moshi. Uzito ukiongezeka kwenye slaidi, risasi ile ile inasukuma mzigo mkubwa zaidi kwa hiyo inaenda polepole, na risasi za shabaha kwa kawaida zimepunguzwa nguvu, ndo inakuwa balaa juu ya balaa. Dawa ni mbili, unaweka kilengeo chepesi na spring laini zaidi, au unatafuta bano linaloshika fremu na kupita juu ya slaidi bila kuigusa. Mi nilichagua chepesi. Kwenye bastola ya .22 ambayo slaidi yake inabeba kilengeo ndo uwe makini zaidi, ile risasi haina nguvu ya kubembeleza.

Nirudi kwenye 41. Mtutu wangu ni wa zamani, juu hauna tundu hata moja la skrubu. Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza kutoboa, na fundi mmoja alikuwa tayari kabisa, drili ameshika, nikamwambia subiri bro. Bastola ya zamani ikishatobolewa haitoboki kinyume, thamani yake kwa wanaokusanya inashuka palepale, na tundu likienda pembeni hata nusu milimita reli yote inakaa upogo na utakuwa unalipia kosa hilo kwa mibofyo ya kurekebisha hadi mibofyo iishe. Ya pili ni bano linalokaa mahali pa kilengeo cha nyuma, unafungua kilengeo cha chuma unaweka bano, hakuna kutoboa. Kwa bastola nyingi za zamani hii ndo njia ya mtu mwenye akili, ila kilengeo kinakuwa kimekaa nyuma sana na kushikwa na kaskrubu kamoja au viwili, kwa hiyo usipande kitu kizito hapo. Ya tatu ni mtutu wa pili wenye reli tayari, na kwa 41 hii ni rahisi ajabu, unafunga slaidi nyuma, unashusha kizingo cha kifyatulio, mtutu unanyanyuka unatoka mkononi. Ndo nilichofanya. Mtutu wa mzee ukabaki kama ulivyo na vilengeo vyake, wa pili ndo wenye nukta. Sio kila bastola ina uhuru huu lakini kama yako inao, uutumie.

Na kabla hujagusa chochote, toa magazini, angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Najua unajua. Fanya tu.

Skrubu zilinitesa kuliko kitu kingine chochote. Reli ya kwanza niliyonunua ilikuja na skrubu ambazo moja ilikuwa ndefu kidogo, kwa hiyo ilifika mwisho wa tundu kabla haijaibana reli. Ukikaza kwa alenki unasikia imekaza, kabisa, mkono unakwambia tayari, kumbe imekaza kwenye chuma cha chini sio kwenye reli. Nikaenda kupiga, matobo yanatawanyika, nikalaumu risasi nikabadilisha, nikalaumu kilengeo, nikajilaumu mwenyewe nikadhani uzee sasa umefika rasmi, wiki tatu nzima, mpaka siku moja nilishika kilengeo nikakitikisa nikasikia tik. Tik ndogo sana. Nilipunguza ile skrubu kwa tupa na habari ikaishia hapo. Kwa hiyo funga skrubu moja moja peke yake kwanza, uone kila moja inaibana reli kweli. Safisha mafuta kwenye matundu, tia tone la gundi ya skrubu ya bluu, usitumie nyekundu maana siku ya kufungua utalia, na usikaze kama unakaza nati za gari, hizo skrubu ni nyembamba zinakatika shingo.

Reli zenyewe zina mambo yake. Ukikutana na Weaver na Picatinny, aina mbili za reli, zinafanana sana ila mifereji ya Weaver ni myembamba, kama 4.6 mm, ya Picatinny ni 5.2, kwa hiyo bano la Weaver linakaa kwenye Picatinny ila bano la Picatinny linaweza kugoma kuingia kwenye Weaver. Bastola za zamani zenye reli mara nyingi ni Weaver. Pima usibahatishe.

Haya, kilengeo chenyewe. Kuna vya bomba na vya kioo wazi. Vya bomba ni kama kidarubini kifupi, vizito kidogo, vinashikwa na pete za inchi moja au milimita 30, na kwa .22 yenye mtutu uliotulia mi navipenda kuliko vya kisasa, kwa sababu bomba linakusaidia kujua umeshika vibaya, duara la bomba likikaa pembeni unaliona mara moja. Ukitafuta cha mitumba ndo aina utakayokutana nayo sana, angalia tu sehemu ya betri haijaota kutu ya kijani na mibofyo inasogeza nukta kweli pande zote. Vya kioo wazi ni vyepesi, vingine havifiki hata gramu 40, hivi ndo vya kuweka kwenye slaidi au kwenye lile bano la mahali pa kilengeo cha nyuma, ubaya wake kioo ni kidogo, mwanzoni utanyoosha mkono na nukta huioni, utaizungusha bastola hewani kama unatafuta netiweki. Inaisha kwa mazoezi, unaangalia shabaha, unaleta bastola kwenye jicho, sio jicho kufuata bastola.

Ukubwa wa nukta unapimwa kwa MOA, yaani digrii moja ukiigawa mara 60. MOA 1 kwenye mita 100 inafunika kama 29 mm, kwenye mita 25 ni kama 7 mm. Sasa karatasi ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, ya bastola ya mita 25 na 50 duara la 10 lina kipenyo cha 50 mm na sehemu nyeusi yote 200 mm. Nukta ya MOA 4 kwenye mita 25 inafunika kama 29 mm, inakaa vizuri ndani ya 10, kwenye mita 50 inafunika kama 58, imeshamwagika nje ya 10 kidogo. Watu wanakimbilia nukta ndogo kwa hesabu hii hii, kwamba ndogo ndo sahihi zaidi. Mi nilianza na ya 2 nikahama. Nukta ndogo inakuonyesha kila mtikisiko wa mkono wako, na mkono wa binadamu unatikisika tu, ukiuona sana unaanza kuukimbiza, unasubiri nukta isimame katikati ndo unanyakua kifyatulio haraka kabla haijaondoka, na hapo ndo risasi inaenda chini kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Ya 4 mpaka 6 inatulia machoni. Hujaanza kutetemeka kwa sababu ya nukta jamani, ulikuwa unatetemeka hivohivo tangu enzi za chuma, ila ulikuwa huoni.

Mwanga punguza. Punguza tena. Nukta ikiwaka sana inavimba na kuota miale, unakuwa umelipia MOA 4 unapata 8. Na hapa kuna kitu sikuwahi kuambiwa na mtu, vilengeo vinavyojirekebisha mwanga vyenyewe vinapima mwanga pale ulipo wewe, sasa kama umesimama chini ya paa na karatasi iko juani kinaona kivuli kinapunguza nukta, ukitazama kwenye karatasi nyeupe inayong'aa nukta imemezwa. Chukua chenye kitufe au kirungu cha kuzungusha mwenyewe. Kinachojizima chenyewe baada ya muda nacho ukiulize kwanza kinajizima baada ya dakika ngapi, maana kwenye mashindano kuna kusubiri kwingi.

Kama nukta unaiona kama mkia wa kimondo au kama zabibu mbili zimeshikana, usirudishe kilengeo dukani kabla hujapima. Kipige picha kwa simu kupitia kioo, picha ikionyesha nukta safi basi tatizo ni jicho, inaitwa astigmatizimu, na miwani yako sahihi ya kuona mbali inasaidia sana. Ya kuona mbali, sio ya kusomea, nimeona watu wanapiga nukta na miwani ya kusomea kwa mazoea ya vilengeo vya chuma.

Mazoea mengine ya kuvunja ni pa kulenga. Kwa chuma wengi tulikuwa tunalenga chini ya duara jeusi, ili kilengeo cheusi kisipotelee kwenye weusi. Nukta iweke katikati. Mi nilichukua mwezi mzima mkono unanishushia wenyewe.

Kurekebisha anza karibu, mita 10, karatasi kubwa, piga tano uangalie katikati ya kundi ndo ubofye, usifukuze tobo moja. Vilengeo vingi mbofyo mmoja ni MOA 1, kwa hiyo kwenye mita 25 unasogea kama 7 mm, vingine nusu yake. Ukishahamia mita 25 rekebisha upya, kwa sababu nukta iko juu ya mtutu sentimita kadhaa na umbali ukibadilika urefu huo unaonekana, ndo maana pia bano fupi ni bora kuliko refu alimradi maganda yana njia ya kutoka. Hilo la maganda lijaribu mapema, 41 yangu kwenye reli kilengeo kikisogea nyuma sana ganda linagonga tumbo la bomba na kurudi ndani, nilikisogeza mbele mfereji mmoja likaacha.

Na uulize unashindana wapi. Mashindano ya bastola ya ISSF hayaruhusu vilengeo vya nukta kabisa, ni vya wazi tu, wakati kule Marekani kwenye mashindano ya bullseye, yale ya bastola za shabaha ya NRA, chama cha wenye bunduki cha huko, vinaruhusiwa na vimejaa. Mimi ndo sababu nyingine ya kushukuru sikutoboa, siku ya mashindano ya chuma naweka mtutu wa mzee, kilengeo cha mbele chenye manyoya kinarudi, napata alama chache kuliko vijana, wananiuliza kwani ile taa umeiacha wapi. Iko kwenye sanduku, na betri ya akiba pembeni, CR2032, nilinunua kumi kwa mpigo baada ya ile moja kunifia katikati ya raundi.