Kebo za mtandao za kubana mwenyewe: anza na shaba, rangi baadaye

Kama unataka kebo fupi ya kutoka kwenye rauta hadi kompyuta iliyo meza hiyohiyo, nenda dukani ukanunue iliyokwisha kubanwa vichwa. Usijisumbue. Kubana mwenyewe kuna maana pale kebo inapotakiwa kupita ndani ya bomba la ukutani au juu ya dari hadi chumba kingine, kwani mabomba mengi yetu ni membamba na kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha kuchomekea, hukwama kwenye kona. Unavuta kebo tupu kwanza, vichwa vinafuata.

Wanaoniuliza huanza na mpangilio wa rangi. Mimi huwauliza wamenunua kebo gani. Kariakoo unaweza kuoneshwa maboksi mawili yameandikwa Cat6 yote, yaani daraja moja la kebo, ila bei zimeachana mbali. Hilo rahisi mara nyingi ni CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kabla hujalipa omba kipande, ukwangue waya mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, mrudishie mwenyewe. Boksi zima la mita 305 utalijua hata kwa kulinyanyua, la alumini ni jepesi.

Kwa intaneti tu na umbali mfupi, hutaona tofauti kubwa. Kazi ipo pale kebo inapobeba na umeme wa kifaa, ile PoE. Jirani yangu alikuwa na kamera ya getini iliyotulia mchana kutwa, giza likiingia inazima na kuwaka usiku kucha. Fundi wake akabadilisha kamera, hali ikawa ileile. Usiku taa za infraredi huwaka, kamera inahitaji umeme mwingi zaidi, na ile alumini ilikuwa inapoteza volti njiani. Tukavuta kebo ya shaba na tatizo likaisha.

Sasa rangi. Shika kichwa kile kilimi cha plastiki kikiwa chini na tundu la kuingizia nyaya likikuelekea wewe. Kutoka kushoto, kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fanya hivyohivyo ncha zote mbili. Habari za kugeuza ncha moja ili kuunganisha kompyuta mbili ni za zamani. Vifaa vya siku hizi hujipanga vyenyewe.

Utaona jozi ya kijani, yaani nyaya mbili za rangi hiyo zilizosokotwa pamoja, imetenganishwa, bluu zikakaa katikati yake. Hapo ndipo wengi hujifanya wajanja, wakazipanga jozi kwa jozi kwa sababu inapendeza macho. Tesita ya bei nafuu itawasha taa zote nane kwa zamu na wewe utashangilia, kwa kuwa inachopima ni kama waya umefika upande wa pili, basi. Haijui kwamba mawimbi ya pini ya 3 na ya 6, yaani nafasi ya tatu na ya sita kutoka kushoto, yanasafiri kwenye nyaya ambazo hazijasokotwa pamoja. Msokoto ndio unaozuia jozi moja kuingilia nyingine, na ndiyo sababu usiufungue zaidi ya milimita 13 hivi kabla ya kichwa. Ganda la nje nalo liingie ndani ya kichwa, libanwe humo; likibaki nje, ukivuta kidogo tu nyaya zinachomoka.

Kipimo ninachokiamini baada ya tesita ni kuchomeka na kusoma kasi kwenye kompyuta. Kama vifaa vyote viwili ni vya gigabiti halafu unaona 100 Mbps badala ya 1000, shuku jozi ya bluu au ya kahawia, maana kasi ya 100 hutumia pini za 1, 2, 3 na 6 peke yake.

Ukinunua vichwa, sema kama kebo yako ina waya mzima au wa nyuzinyuzi, meno yake hutofautiana. Usipitishe kebo bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba. Njia nzima isizidi mita 100. Na acha ziada ya kutosha kila upande, kwa sababu kichwa kilichobanwa vibaya hakibanwi tena: unakikata, unakitupa, unaanza upya na kebo iliyobaki.