Natembea kila siku, mbona kunyanyuka bado shida?

Safari hii maswali karibu yote yametoka kwa akina mama waliovuka miaka 50, au watoto wao. Nimechagua manne, la kwanza nimelijibu kwa kirefu maana nikilielezea hilo mengine yanakuwa rahisi.

SWALI: Mwanangu, nina miaka 63, mwalimu mstaafu, niko Tanga. Kila alfajiri nikishaswali natembea mpaka Raskazone na kurudi. Presha imetulia, pumzi ninayo, wajukuu nawaacha nyuma. Ajabu sasa, nikikaa kwenye kibao cha mbuzi kukuna nazi, kunyanyuka mpaka nishike kitu, na juzi kwenye daladala konda kanivuta mkono kama mgonjwa. Si mazoezi nafanya? Tatizo liko wapi?

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza usije ukaacha hiyo safari ya Raskazone, hiyo presha kutulia na hiyo pumzi usidhani vimekuja vyenyewe, kutembea kuna mchango mkubwa hapo. Ila kutembea kunafundisha moyo na mapafu, na miguu kwa kiasi kidogo tu. Ukitembea barabara ya tambarare paja halifiki hata mara moja mahali pa kunyanyua mwili mzima kutoka chini, sasa ukikaa kwenye mbuzi goti limekunjika kabisa unaliomba paja kazi ambayo halijafanya siku nyingi, lazima ligome. Mwili ni bahili mama, nguvu usiyoitumia hauitunzi.

Na kwa sisi wanawake kuna jingine. Hedhi ikishakata homoni ya estrojeni inashuka, mifupa inapungua haraka miaka ile ya mwanzo, na misuli nayo inaendelea kupungua kila mwaka. Halafu kinachowahi kupotea kuliko hata nguvu yenyewe ni ule wepesi wa kuitoa nguvu ghafla, yaani ukijikwaa mguu wa pili uwahi kukudaka kabla hujafika chini. Ndo maana unakuta bibi anatembea kilomita zake vizuri tu halafu anaanguka bafuni.

Hebu jipime nyumbani. Chukua kiti cha kawaida, kiegemeze ukutani kisiteleze, kunja mikono kifuani, mjukuu ashike simu ahesabu sekunde 30, wewe simama wima, kaa, simama, kaa. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akisimama chini ya mara 12 miguu yake iko chini ya wastani, wa 65 hadi 69 ni chini ya 11, wa 70 hadi 79 chini ya 10. Ukilazimika kutumia mikono jiandikie sifuri, hakuna kudanganya, mjukuu anaona.

Sasa dawa yake ni kipimo hichohicho. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane, fanya raundi 3, kila raundi mara 8 mpaka 10. Shuka taratibu ukihesabu moja mbili tatu, nyanyuka kwa haraka. Pumua, usibane pumzi, ukibana presha inapanda. Ikishakuwa nyepesi kumbatia dumu la maji kifuani, anza na lita 3 kisha 5, na ukizoea hamia kiti kifupi zaidi, halafu stuli, mpaka ufike kwenye mbuzi yako. Zile mara mbili za mwisho za kila raundi zinatakiwa ziwe ngumu kweli, hapo ndipo wengi wanapokosea, wananyanyua vichupa vya maji vya nusu lita mwaka mzima halafu wanasema mazoezi ya nguvu hayafanyi kazi.

Na usiseme umechelewa. Mwaka 1990 kule Boston, Marekani, walichukuliwa wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, umri miaka 86 mpaka 96, wakafanyishwa mazoezi mazito ya miguu wiki 8. Mmoja aliishia njiani, waliomaliza nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wewe una 63 mama, bado msichana.

SWALI: Mamangu ana miaka 68, anaishi Mombasa, kapimwa akaambiwa mifupa imeanza kuwa myepesi. Shangazi anasema atulie asibebe kitu, jirani anasema aogelee. Nimfuate nani?

JIBU: Kwa heshima zote, shangazi hapana. Mfupa unakaa imara kwa kubebeshwa mzigo, ukiupumzisha ndo unazidi kwisha. Jirani naye yuko nusu, kuogelea ni kuzuri kwa moyo na ni raha kwa mtu mwenye magoti mabovu, lakini majini maji ndo yanakubeba, mfupa haupati uzito wa kuushtua.

Australia kulifanyika utafiti, matokeo yakatoka 2018, wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wote zaidi ya miaka 58 na mifupa yao ilikuwa imepungua kama ya mama. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito hasa, na kuruka kidogo wakitua kwa kishindo, nusu saa mara 2 kwa wiki kwa miezi 8. Kundi la pili walifanya mazoezi mepesi nyumbani. Wa vyuma mifupa ya mgongo sehemu ya kiunoni ikaongezeka uzito karibu asilimia 3, wa nyumbani ikapungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Lakini soma vizuri, walikuwa na msimamizi pembeni muda wote na walianza taratibu. Usimwamshe mama kesho ukamkabidhi gunia la mchele! Mtafutie mtaalamu wa mazoezi tiba, na kama aliwahi kuvunjika pingili ya mgongo aseme mapema, maana mtu wa hivyo hatakiwi kuinama mbele akiwa na mzigo.

Halafu msisahau balansi, kwa sababu mfupa mwepesi wenyewe hauumi, balaa ni kuanguka. Asimame karibu na sinki mguu mmoja, mkono tayari kushika, kisha atembee kisigino kikigusa vidole kama anafuata mstari. Mazoezi ya balansi na ya nguvu kwa wazee yamepunguza kuanguka kwa karibu robo katika tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja. Kutembea peke yake hakujaonyesha matokeo hayo.

SWALI: Sisi tuna kikundi cha jogging Temeke, wengi akina mama wa 50 na kitu. Jumamosi tunakimbia, tunaimba, baadae supu. Inatosha?

JIBU: Nawapenda bure! Ila Jumamosi moja haitoshi dada zangu. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa pumzi kidogo, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na ukifika 65 uongeze ya balansi na nguvu pamoja angalau siku 3. Kwa hiyo katikati ya wiki kila mtu mtaani kwake atembee kwa kasi nusu saa, au acheze muziki, kucheza kunahesabika kabisa na kunasaidia balansi kuliko kukimbia mbele moja kwa moja. Na Jumamosi kabla ya supu wekeni robo saa ya skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama, na pushapu za ukutani. Supu hata mimi naikubali, nyama ni protini na misuli inaitaka, zile chapati tatu ndo tuongee pembeni. Mkitaka mzuka waangalieni mabibi wa Vakhegula Vakhegula kule Limpopo, Afrika Kusini, wanacheza mpira wa miguu na umri wao ule.

SWALI: Nina 57, goti la kulia linauma nikishuka ngazi. Nikifanya skwati si litaisha kabisa? Na je sitakuwa na mabega kama mwanaume?

JIBU: Mabega kwanza: hapana, homoni za kiume ulizonazo ni kidogo mno, wanaotoka hivyo wanafanya kazi ya miaka kwenye jimu tena kwa kukusudia. Goti: kama ni lile la kusagika la umri, paja lenye nguvu linalipunguzia kazi, kwa hiyo usiache, punguza kina. Weka mto juu ya kiti ili usishuke sana. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, ila yakizidi usiku ule au goti likaamka limevimba kesho yake ujue ulipitiliza, punguza raundi. Goti likivimba lina joto, likinasa halikunjuki, au likikuachia ghafla unataka kuanguka, hapo nenda hospitali kwanza.