Usingoje Kusikia Kayamba: Ushauri kwa Wapanda Milima wa Arizona

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe mrefu na dada mmoja kutoka Mombasa aliyehamia Phoenix mwaka jana. Anaipenda milima kama tunavyoipenda sisi sote, na tayari alikuwa ameshapanda vilima kadhaa vilivyo karibu na mji, lakini siku moja alisikia sauti ya mtikisiko kichakani, akakimbia bila kutazama mbele, akaanguka na kuchubuka magoti yote mawili, na tangu hapo hajarudi mlimani. Ananiuliza mambo mawili: je, aache kabisa? Na kama haachi, atamtambuaje nyoka kabla hajamkanyaga? Nilikusudia kumjibu kwa mistari michache, lakini swali lake la pili limegusa jambo ambalo sijawahi kuliandika hadharani, nami nimeona ni haki yake, na yenu pia, nilieleze lote.

Nyoka aliyemsikia ni yule ambaye Wamarekani wamempa jina la rattlesnake kutokana na sauti ya mkia wake. Mimi humwita nyoka-kayamba, kwa kuwa mara ya kwanza nilipomsikia nilikumbuka makayamba ya ngoma za Tanga, ingawa ndani ya mkia wake hamna punje wala mbegu. Mna vipande vikavu vyenye uwazi ndani, vilivyoshikana kimoja ndani ya kingine, vya kitu kilekile ambacho kucha zetu zimeumbwa nacho, naye huvitikisa zaidi ya mara 50 kwa sekunde moja joto likiwa la kutosha. Arizona ina aina 13 za nyoka hawa, idadi ambayo haifikiwi na jimbo jingine lolote la Marekani. Anayepanda milima ya huku atakutana nao tu, kama si mwaka huu basi mwaka ujao.

Nilizaliwa na kukulia Lushoto, katika Milima ya Usambara, ambako kwenda shule kulikuwa ni kupanda na kurudi nyumbani kulikuwa ni kushuka. Vifutu nimewaona tangu utotoni. Babu yangu alitufundisha kwamba kifutu hana haraka ya kumkimbia mtu. Hulala palepale njiani akiitegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, na wengi humjua wakiwa wameshamkanyaga. Kwa hiyo alituzoesha kutazama kila mahali tunapoweka unyayo, na tulipokwenda kuokota kuni alitukataza kuingiza mkono chini ya gogo kabla ya kuligeuza kwa fimbo. Nilipofika mji wa Tucson, hapa Arizona, mwaka 2016 na kuwasikia wenyeji wakizungumza juu ya nyoka anayepiga kelele mtu akimkaribia, niliwaona ni watu waliopewa bahati kubwa: nyoka anayepiga hodi! Polepole, bila mimi mwenyewe kufahamu, yale mazoea ya babu yakaniondoka. Macho yangu yakahamia kileleni, na kazi ya kujilinda nikayaachia masikio.

Mwezi Septemba mwaka 2021 tulikwenda watu wanne kupanda Mlima Kimball kwa njia ya Finger Rock, katika milima ya Santa Catalina iliyo kaskazini mwa mji. Kilele chake kina mita 2,212, na kutoka pale magari yanapoachwa mtu hupanda mita zipatazo 1,300, kwa hiyo ni njia inayoheshimiwa na kila mpanda mlima wa Tucson. Nilikuwa mbele kwa sababu nilikuwa nimeipanda mara tatu na kwa sababu, nakiri, nilipenda kuwa mbele. Sitaeleza habari za alfajiri wala za miti mikubwa ya miiba ya saguaro iliyotuzunguka. Nitaanzia kwenye jiwe moja lililokuwa juu ya kimo cha kifua changu, ambalo lingeweza kuzungukwa kwa hatua thelathini upande wa kulia. Sikulizunguka. Niliupeleka mkono wangu wa kushoto juu yake, mahali nisipopaona, ili nijivute.

Hapakuwa na sauti yoyote, na jambo hili nimelirudia mbele ya madaktari, marafiki na ndugu, na baadhi yao hadi leo hawaniamini. Nilihisi kama msumari uliopigwa nyundo kwenye kidole cha pete, na nilipouvuta mkono niliona matundu mawili na damu kidogo. Mzee aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyemwona nyoka akijikunja kuelekea nyuma ya jiwe, mnene, mwenye maumbo ya almasi mgongoni na mistari myeupe na myeusi karibu na ncha ya mkia. Hata alipokuwa akiondoka hakuutikisa mkia huo. Baada ya dakika kumi hivi midomo yangu ilikuwa inawasha kama niliyekula pilipili, nikawa na ladha ya chuma mdomoni, na mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo.

Mwenzetu mmoja alikwishafungua kamba ya kiatu ili anifunge mkono, na mwingine alikuwa ametoa kisu ili achanje pale palipoumwa na kuinyonya sumu. Aliyewazuia ni yule mzee, Mkongo mwenyeji wa Bukavu ambaye Kiswahili chake na changu hutofautiana kwa mengi lakini siku hiyo tulielewana kwa kila neno. Alisema, "Acheni. Musimuguse. Mumukalishe chini." Kisha akapiga 911, namba ya dharura ya Marekani. Namshukuru hadi leo, kwa sababu kufunga kamba, kuchanja, kunyonya na kuweka barafu ni mambo yanayoongeza madhara: sumu ya nyoka hawa huharibu nyama na kuvuruga kuganda kwa damu, na mtu anayeifungia sehemu moja huifanya iunguze zaidi pale ilipofungiwa. Jambo moja tu tulilisahau sote wanne, nalo ni pete yangu ya ndoa. Hospitalini ilibidi ikatwe kwa msumeno mdogo, kwa kuwa kidole kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya zambarau.

Nililazwa siku tatu. Nilipewa dawa ya kupambana na sumu iitwayo Anavip, ambayo hutengenezwa Mexico kwa kutumia damu ya farasi na iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Dozi ya mwanzo ni vichupa 10, nami niliongezewa vingine usiku. Shangazi yangu alinipigia simu kutoka Lushoto akilia, akiuliza kama huko Marekani hakuna hata mtu mmoja mwenye jiwe la nyoka. Nilikosa la kumjibu. Jiwe lile jeusi haliondoi sumu mwilini, najua hivyo kwa yakini, lakini kwa shangazi yangu ndilo lililokuwa karibu, na hospitali yenye dawa ilikuwa mbali. Shirika la Afya Duniani liliyaorodhesha madhara ya kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na makadirio yake ni kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Hapa Marekani huumwa watu 7,000 hadi 8,000 na hufa takriban watano. Siamini kwamba Wamarekani wana damu ngumu kuliko jamaa zangu wa Usambara. Wana barabara, simu inayopokelewa, na dawa iliyo tayari hospitalini.

Kilichoniumiza kuliko mkono ni kilichofuata. Kikundi chetu cha matembezi, ambacho nilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, kilifanya safari nyingine wiki mbili baadaye bila kuniambia, na katika ujumbe uliosambazwa kwa wanachama iliandikwa kwamba nilikuwa "nimemchokoza" nyoka, kwa sababu nyoka huyu daima huonya kwanza. Aliyeandika hakuwapo mlimani siku hiyo. Nilijieleza mara mbili, kisha nikanyamaza, na mpaka sasa nikikutana na baadhi yao sokoni tunasalimiana kama watu wasiofahamiana vizuri. Ninayaandika haya kwa sababu maneno yale hayakunidhuru mimi peke yangu. Kila aliyeyasoma alithibitishiwa imani iliyonipeleka mimi hospitalini, kwamba ukimya maana yake ni usalama.

Ukweli ni kwamba nyoka-kayamba hutikisa mkia pale anapoona amekwisha kugunduliwa au amebanwa. Kabla ya hapo silaha yake kubwa ni kutulia, kwa kuwa mwewe na mnyama mla nyoka wote huvutwa na kelele na mwendo. Wako ambao njuga zao zimevunjika, na wako watoto wachanga, wanaozaliwa wakiwa hai kati ya Julai na Septemba wakiwa na kifungo kimoja tu mkiani kisichoweza kutoa sauti, ilhali meno na sumu wanavyo tangu siku ya kwanza. Hata sauti yenyewe ikitoka si kipimo cha umbali. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Graz nchini Austria walionyesha kwamba nyoka huyu huongeza kasi ya mtikisiko kadiri mtu anavyomkaribia, kisha huirusha ghafla kwenye kasi ya juu zaidi, na msikilizaji hudhani nyoka yuko karibu kuliko alivyo. Bila shaka ndivyo ilivyomtokea dada yetu wa Phoenix. Alikimbia kitu ambacho pengine kilikuwa mbali naye, na angeweza kumkanyaga mwingine katika kukimbia kwake.

Kwa hiyo, dada yangu, jibu la swali lako la pili ni hili: utamtambua kwa macho, na macho yatafanya kazi hiyo ikiwa tu utayapunguzia mwendo miguu yako. Usiweke mkono mahali usipopaona. Usiweke mguu mahali usipopaona. Gogo likiwa limelala njiani, panda juu yake kwanza, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Ukitaka kukaa, ligonge jiwe kwa fimbo na ulizunguke kabla hujakaa. Wakati wa joto kali nyoka hutembea alfajiri, jioni na usiku, nyakati zilezile tunazozipenda sisi kwa ubaridi wake, basi uwe na tochi ya kichwani hata kama unaamini utarudi mapema. Mbwa wako afungwe kamba fupi. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu. Muziki wa masikioni uuache garini. Najua nimesema usitegemee masikio, lakini hiyo si sababu ya kuyaziba.

Ukisikia sauti, simama. Mtafute kwa macho kabla ya kuhamisha hata mguu mmoja, kisha rudi nyuma polepole ukielekea kule ulikotoka, kwa kuwa hapo ndipo ulipokwisha kupaona. Mara nyingi hawezi kuruka zaidi ya nusu ya urefu wa mwili wake, kwa hiyo hatua tano kamili zinatosha kabisa. Usimtupie jiwe wala usimuue ili upige picha. Kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda wa saa nzima na zaidi, na wako walioumwa hivyo. Na ukiumwa, vua pete na saa papo hapo, keti, piga 911, na usimfuate nyoka ili kumtambua, kwani dawa za Marekani zimetengenezwa kwa jamii hii yote ya nyoka. Usingoje uone kama sumu imeingia. Wapo wanaoumwa bila kutiwa sumu, karibu mmoja katika kila wanne, lakini hilo hujulikana hospitalini.

Vijana wengi wanaoniandikia wanataka orodha ya vifaa. Nawaambia vifaa havitawasaidia mkiwa na haraka. Tunakuja huku kutoka nchi zenye koboko na swila, tunadhani tumeshahitimu, tunawacheka wazungu wanaotembea na fimbo mbili na kutazama chini kama waliopoteza sarafu. Tazameni chini. Babu zetu walitazama chini, nao hawakuwa waoga.

Na kuhusu kuacha: mimi nilikaa miezi kumi na minne bila kupanda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilishtuka hata kwa mpira wa kumwagilia bustani. Nilirudi kwa matembezi ya nusu saa, na Jumamosi iliyopita nimefika kilele cha Mlima Wrightson, mita 2,881, ambacho nilikuwa nimekiandika kwenye kalenda ya mwaka 2021. Nilikwenda na mwanangu wa miaka kumi na miwili kwa njia ya Old Baldy, inayoanzia bonde la Madera, na kwa kuwa mvua za kiangazi zimeanza, na radi hupiga kileleni alasiri, tuliondoka gizani.

Katika msitu wa mialoni, kabla jua halijafika bondeni, nilimwona nyoka mdogo wa kahawia, hazidi urefu wa mkono wangu, amelala juu ya majani makavu katikati ya njia, mwenye mistari myeupe usoni na pua iliyoinuka ukingoni. Ni aina ambayo jimbo la Arizona limeifanya alama yake rasmi miongoni mwa wanyama watambaao, na sheria inakataza kumuua. Tulisimama. Mwanangu akaninong'oneza, "Baba, mbona halizi mkia?" Nikamwambia kwamba bado anatumaini hatujamwona. Tulisubiri kama robo saa, mpaka alipojivuta taratibu kuelekea kwenye mizizi ya mti. Mwanangu akaligonga jiwe lililokuwa mbele yake kwa fimbo, akatazama nyuma yake, kisha akapita, nami nikamfuata. Tulifika juu saa nne na nusu, mawingu yakiwa bado meupe.