Kumfunza mtoto kulegeza misuli anapokojoa
Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama tiba ya vibandiko na skrini itamfaa binti yako wa miaka 7 anayejikojolea mchana. Yaweza kumfaa iwapo hukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyo chini ya kibofu inayozuia mkojo, anapokojoa: vibandiko vinavyohisi misuli hiyo huwekwa juu ya ngozi, bila sindano, na kazi ya misuli huonekana kwenye skrini, mara nyingi kama mchezo, hadi ajue mwenyewe kuikaza na kuilegeza. Kwanza, hata hivyo, apimwe mkojo na atibiwe choo kigumu, jambo linalosahauliwa mno, kwani haja kubwa iliyojaa hukibana kibofu. Aende msalani kila baada ya saa 2 au 3. Choo kikiwa cha kukalia, miguu yake ikanyage kigoda.